Zamu ya 2031 na Nyongeza Yake

Ofisi ya Haki na Wajibu wa Baadaye ya Wapuliza Vioo wa Toledo, timu ya mpira wa kikapu ninayoitumikia kwa moyo wote, inautangazia umma kwamba msimu huu tumefungwa mechi sitini na moja, na kwamba mambo hayajawahi kutunyookea hivi. Utajiri wetu uko mbele. Kila kiangazi timu za ligi huchagua vijana wapya kwa zamu, na zamu hubadilishwa mikono hata miaka saba kabla haijafika. Tumewahi kumiliki haki juu ya vijana ambao bado wanang'oka meno ya utotoni.

Mbunifu wa haya ni meneja mkuu, Bwana Preston Haverkamp. Februari alimtoa Wendell Oakes kwa timu ya Boise ili tupate zamu ya 2031. Wendell amecheza hapa miaka kumi na moja, na mama yake anakaa mitaa miwili tu kutoka uwanjani. Kwa kuwa ana miaka thelathini na nne, Boise walisitasita, basi tukawatupia nyongeza: zamu yetu ya raundi ya pili ya 2029.

Wendell alikuja ofisini kuaga.

"Hebu nieleweshe, kaka," akaniambia. "Walinitaka mimi wakaongezewa zamu, au waliitaka zamu wakabebeshwa mimi?"

"Usiumie, Wendell," Haverkamp akadakia. "Ni utaratibu tu. Bidhaa ikikawia kutoka, unaweka nyongeza."

"Mama kafanyiwa upasuaji wa nyonga juzi. Nani atampandisha ngazi?"

"Hilo halimo kwenye mkataba."

Niliona aibu, lakini mhuri nikapiga.

Kazi yangu ni kufuatilia asili ya kila zamu. Hii ya 2031 Boise waliipata kutoka timu ya Spokane, na Spokane waliipata mwaka juzi kwetu. Tulikuwa tumemtoa Wendell ili tupewe zamu yetu wenyewe.

"Andika kwamba imerejea nyumbani," akasema Haverkamp. "Weka na nembo ya timu."

Nikaandika. Nakala, kwa mujibu wa taratibu, ilikwenda kwa mmiliki, Bi Maureen Szabo, ambaye kwa kawaida hasomi. Hii aliisoma, soseji ya Kihungari mkononi, kisha akaniita.

"Namtaka Wendell arudi. Tuna nini cha kuwapa?"

"Zamu zote zimeshatoka hadi 2033, mama. Imebaki hiyo ya 2031 tu."

"Na kingine ambacho hakijaahidiwa mtu?"

Nilifikiri sana. "Bwana Haverkamp."

"Kuna kifungu kinachokataza?"

Nikapekua kanuni zote, kurasa mia sita. Hakuna. Boise walipopigiwa simu walinong'onezana kwanza, halafu wakasema watamrudisha Wendell na kumpokea Haverkamp, ila kwa sharti moja dogo.

Kwa hiyo Ofisi ina furaha kutangaza kwamba Wendell yuko nyumbani. Jumatatu nilimwona kamshika mama yake mkono, wanapanda ngazi polepole, mama akimfokea kwamba anamharakisha. Nilifurahi kuliko cheo changu kinavyoruhusu.

Siku hiyohiyo Haverkamp alipita mezani kwangu na sanduku lake la kadibodi.

"Nasikia Boise wamenigombania kweli."

"Kweli, mkuu. Tukawaongezea na ile zamu ya 2031."

Aliweka sanduku chini. "Mbona muwaongezee?"

"Usiumie, mkuu," nikamwambia, nikipiga mhuri. "Ni utaratibu tu."