Vita vya Mrija Ulioziba Villa Crespo

Sogeeni, enyi wanywaji na wasengenyaji, na mwenye simu aizime, maana nawaletea habari za Leandro Zubiría, simba wa mtaa wa Villa Crespo, Buenos Aires, fundi wa programu, aliyelala kwenye kochi la mwanasaikolojia miaka mingi kuliko wengine walivyolala na wake zao.

Jemadari huyu aliunda programu inayojichungulia yenyewe. Ukiliuliza fungu lake lolote, "Wewe nani, na umegusa nini?" hujibu papo hapo, bila hata kukohoa. Buenos Aires nzima haikuwa na kitu kinachojijua namna ile, nao ni mji ambao hata muuza nyama ana mwanasaikolojia wake.

Ikawa Jumanne, kibuyu cha yerba, chai chungu ya kwao inyonywayo kwa mrija mmoja, kikizunguka ofisini kinywa kwa kinywa, mrija ukaziba. Kuna mkono uliokuwa umeukoroga, na kwao kukoroga mrija ni kumwaga damu hekaluni. Nélida, malkia wa birika, ambaye ni yeye peke yake amiminaye maji ya moto, akafunika birika.

"Nani kakoroga?"

Kila mtu akaitazama kompyuta yake.

"Haya. Mpaka mtu aseme, mtakunywa maji ya bomba."

"Atakuwa Ramiro," akasema Leandro. "Mgeni huyu, hajui."

"Mimi, kaka? Kwetu Corrientes yerba tunailima. Mwenye mkono usiotulia hapa ni wewe."

Hata hivyo Ramiro akasogezewa kiti pembeni, kama mwenye upele.

Jioni Leandro akapanda kwa Daktari Kaplún, mwanasaikolojia wake, akalala kochini, akashuka katika shimo la nafsi yake kama shujaa aingiaye pango la joka. Akamkuta mama yake, wakapigana. Akamkuta babu yake, wakapigana. Mrija hakuuona.

"Labda nilikoroga," akanena hatimaye, "lakini aliyekoroga hasa ni yule mtoto aliyenyimwa baiskeli."

"Na mkono ulikuwa wa nani?" akauliza daktari.

Leandro akaanza kuhesabu nyufa za dari.

"Tuishie hapo," akasema daktari, akanyanyuka.

Asubuhi, ulimi mkavu, alikuta programu yake imeharibika usiku. Akaliuliza fungu moja, "Umegusa nini?" Likajibu kwamba limefuta bei zote. Halikumtaja mama. Leandro akaionea mashine wivu, akamtazama Ramiro kule pembeni, akasimama.

"Nilikoroga mimi."

"Kwa nini?" akauliza Nélida.

Hapo, enyi wasikivu, ndipo vita vilipokolea. Mama, babu na baiskeli walikwisha kujipanga nyuma ya meno yake, mikuki juu. Akafumba kinywa, akawazuia wote.

"Basi tu. Nilikoroga."

"Tulikuona tangu jana, tulingoja useme," akasema Nélida, akafunua birika. "Ramiro, sogea. Wewe kwanza. Huyu atakunywa mwisho."

Naye akanywa mwisho, bila kugusa mrija. Na iimbwe vizazi hata vizazi kwamba Buenos Aires ilipata mwanamume aliyesema neno moja juu ya nafsi yake, akanyamaza. Alinyamaza hivyo mpaka Alhamisi, siku yake nyingine ya kochi.