Magadi Mbele ya Makumbusho

Jumatatu, 5 Machi 1956
Sijamwambia mtu yeyote: namwogopa Gati, tuliyemaliza naye shule, kuliko fisi. Akinisalimia, Kiswahili kinanikimbia, Kiingereza nacho, nabaki na Kikurya cha mtoto mchanga. Na sasa nataka kumwangusha!

Nyumba ya makumbusho hapa Tarime imekwisha. Mwalimu Nashoni kakataa maua ya Kizungu: uwanja wa mbele upandwe nyasi za kwetu tu. Mimi na Gati tumegawiwa vipande viwili. Kitakachompendeza Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, Jumamosi, mwenyewe ataajiriwa kuutunza uwanja wote. Baba kasema nikikosa kazi hiyo narudi Machochwe kwa babu kuchunga ng'ombe. Miaka minane ya shule, kisha nikatazame mikia!

Jumanne, 6 Machi
Balaa! Nyasi za Gati, zile nyekundu za mbugani, zimesimama kama askari. Zangu za kuezekea zimelala kama walevi. Gati kaniuliza nimezipanda au nimezizika. Mafundi wakacheka mpaka mwiko ukaanguka.

Nina mpango. Ng'ombe akionja magadi haachi hata mzizi. Nimenyunyizia kipande chake chote. Kesho asubuhi ng'ombe wa mnada wanapita hapo.

Jumatano, 7 Machi
Siamini macho yangu! Usiku mvua. Kipande cha Gati kiko juu, changu chini. Magadi yote yameshuka kwangu! Mimi, mchungaji, nimesahau maji huenda wapi! Ng'ombe arobaini wamelamba kipande changu kikabaki udongo mtupu. Dume moja likalala katikati, likagoma. Mwenye ng'ombe, Mzee Mogesi, akaja mbio. Kwa mshtuko nikaliamkia dume shikamoo.

Mwalimu akatazama kwato, akanitazama mimi, akasema pole. Pole! Afadhali viboko.

Alhamisi, 8 Machi
Haya sasa ndiyo maajabu. Gati kamwomba Mwalimu ruhusa anigawie nusu ya mashina yake, nipande upya. Eti kushindana peke yake hakuna raha. Atayaleta mwenyewe nyumbani jioni hii. Nimelia nyuma ya choo. Nimekosa, nimekosa sana. Nitamwungamia kila kitu.

Lakini mbona nusu? Nikimdanganya Gati kuwa Bwana Shauri anachukia nyasi nyekundu, si ataniachia zote? Nayaandika maneno hapa kwanza, kwa Kiswahili na Kiingereza, nisipate kigugumizi.

Nyayo mlangoni. Mama anamkaribisha Gati, anamwambia Hezekia yumo ndani, anajisomea. Maskini mama! Naficha ukurasa chini ya