Mrithi wa Diski ya Idara ya Uthibitisho wa Uhai

Idara ya Uthibitisho wa Uhai, tawi la Nabagram, inautangazia umma kwa heshima kwamba tarehe tatu Oktoba, saa nne na robo asubuhi, diski ya kompyuta yetu mpakato ilifariki ikiwa kazini. Ililia mara tatu kama panya aliyebanwa na mlango, kisha ikanyamaza. Mchakato wa kumpata mrithi wake ulianza siku hiyo hiyo, na uliendeshwa kwa ukamilifu ambao wilaya hii haijapata kuuona.

Mimi, Bhabatosh Sarkhel, ndiye karani mkuu. Nilisoma shule ya jioni miaka sita, mchana nikifunga marobota ya juti, na sijawahi kukosea tarehe. Kila Novemba wastaafu huja dirishani kwetu kuthibitisha kwamba bado wako hai. Ninamtazama mtu, anaweka kidole gumba, ninamwingiza kwenye kompyuta. Ambaye hajaingizwa ifikapo saa sita mchana, tarehe thelathini, anahamishiwa orodha ya marehemu, na pensheni yake inamfuata kaburini.

Mkurugenzi wetu, Bwana Pranabesh Lahiri, aliona mbali zaidi. Ili wafu wasijipenyeze, alipitisha kanuni kwamba kila mstaafu ahesabiwe amekufa kuanzia tarehe mosi Novemba mpaka athibitishwe. Kanuni hiyo na wenzake mia moja na kumi na mbili zimebandikwa ukutani, kwa herufi ndogo, kwa manufaa ya wananchi.

Mwalimu Nirupama Bagchi, mwenye miaka themanini na mbili, ndiye aliyenifundisha hesabu shule ya jioni. Hupita kila Oktoba kukagua kama tuko tayari.

"Bhabatosh, mbona mashine imefunikwa kitambaa?"

"Diski imefariki, Mwalimu."

"Si mnunue nyingine?"

"Tunaunda kamati."

"Kamati ya nini? Ya matanga?"

Akatoa rula kwenye mkoba wake, akampima marehemu, akaondoka. Baada ya saa moja alirudi na karatasi kutoka kwa Haradhan, fundi wa uchochoro wa nyuma ya sinema. Inchi mbili na nusu, unene milimita saba, na mchoro wa meno ya pale inapochomekwa.

"Haradhan anasema yenye vipimo hivi inaingia. Bisibisi moja, dakika kumi."

Niliipokea karatasi kwa shukrani na kuiweka kwenye faili la Malalamiko.

Kamati ya Ulinganifu ilikutana mara tisa, kwa chai ya vikombe vya udongo na sambusa za singara za moto. Suala la vipimo lilijadiliwa kwa kina na kukataliwa. Bwana Lahiri alieleza kwamba kupima kunawapendelea wauzaji ambao bidhaa zao zinaingia. Tukafuata utaratibu uleule wa kununulia viti na feni: bahasha tatu zilizofungwa, bei ya chini ishinde. Alishinda muuza mabomba.

Diski ililetwa tarehe ishirini na nane, nene kama tofali. Tulimwita Haradhan atoe ushahidi wa kitaalamu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Wazee wangu, hii ni ya kompyuta ya mezani! Kuiingiza kwenye laptopu ni kumvalisha tembo bangili za bibi harusi."

"Swali si hilo," alisema Bwana Lahiri. "Kati ya hawa wawili, nani amenunuliwa kwa kufuata kanuni?"

Tukafungua mafaili. Diski ilikuwa na karatasi zake zote. Kompyuta, iliyonunuliwa miaka minane nyuma, ilipungukiwa sahihi moja. Kwa hiyo asiyelingana alikuwa kompyuta. Iliandikiwa barua ya kutakiwa kujieleza ndani ya saa arobaini na nane. Haikujibu. Kiburi hicho kilimsikitisha sana Bwana Lahiri. Akaisimamisha kazi, akaifungia kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia mfukoni kwa usalama.

Siku iliyofuata, tarehe thelathini na moja, alistaafu. Tulimvika shada la maua na shali, tukampa mwavuli. Kiti chake kiko wazi hadi leo. Wizara inaunda kamati.

Novemba ikaingia. Mwalimu alikuja kila siku na kigoda chake.

"Mwalimu, mimi nakuona. Mashine haikuoni."

"Kwa hiyo nimekufa?"

"Kwa muda."

"Na dawa yangu ya moyo? Duka linakopesha maiti?"

Nikamwonyesha kanuni ukutani. Akaketi, akavaa miwani, akaanza kusoma ukuta.

Tarehe thelathini, saa nne asubuhi, watu arobaini walikuwa kwenye foleni alipoingia Bwana Lahiri na mwavuli wake, moja kwa moja hadi dirishani.

"Sarkhel, nithibitishe upesi, riksho inaningoja."

"Bwana, mimi nakuona. Mashine haikuoni."

"Nini? Mimi nimekuwa mkurugenzi wako miaka kumi na moja!"

"Kweli, marehemu alikuwa mkurugenzi wangu," nilikubali kwa heshima.

"Mzee, rudi nyuma!" ikapaa sauti kwenye foleni. "Hata sisi wafu tumepanga mstari!"

Akapapasa mfuko, akatoa ufunguo. "Fungua kabati! Weka diski!"

"Ipi, Bwana? Ile ya muuza mabomba?"

Mwalimu akafungua mkoba, akatoa diski iliyofungwa kwenye leso. "Inchi mbili na nusu, milimita saba. Haradhan ameshaiwekea programu zote. Ninayo tangu Oktoba."

"Ipokee!" alifoka Bwana Lahiri.

"Bila bahasha tatu? Kanuni ya nane, Bwana. Sahihi ni yako."

Akabadilika rangi kama jivu. Mwalimu akanyoosha rula ukutani.

"Themanini na sita. Soma kwa sauti, Bhabatosh, kama nilivyokufundisha."

"'Mali iliyoachiwa Idara na marehemu itapokelewa mara moja, bila zabuni wala kamati.'"

"Mimi nimekufa tangu tarehe mosi," alisema Mwalimu. "Nakuachieni diski."

Ilibaki kidogo nitokwe na machozi. Hoja haikuwa na dosari. Nikaandika daftarini: diski moja, urithi wa marehemu Nirupama Bagchi, ufunguo mmoja, urithi wa marehemu Pranabesh Lahiri.

Haradhan aliitwa, akatumia dakika tisa. Mwalimu alikuwa wa kwanza kurudi duniani, wengine wakafuata, kila mmoja akaenda zake kula. Saa sita kasoro dakika kumi alibaki Bwana Lahiri, mwisho wa foleni, na Mwalimu juu ya kigoda chake.

"Kanuni ya mia moja na kumi na tatu," nilimkumbusha Bwana Lahiri. "Mstaafu mpya adhaminiwe na mstaafu aliye hai, baada ya huyo kuridhika kwamba akili ya mwombaji ni timamu."

Akatazama huku na huku. Aliye hai alikuwa mmoja tu.

Mwalimu akamsogezea ile diski ya tofali, kompyuta ambayo Haradhan alikuwa hajaifunga tumbo, na rula.

"Pima hii. Pima na nafasi yake. Kisha niambie, hii inaingia humu?"

"Mwalimu, tafadhali, saa inakwenda..."

"Polepole tu. Na usichungulie kwa Bhabatosh."

Kwa ajili ya kumbukumbu niliandika muda. Saa sita kasoro dakika mbili, mtahiniwa alikuwa bado anatafuta sifuri iko upande gani wa rula.