Wapangaji Wanne wa Sanduku Langu la Barua

Jumatatu, 3 Machi
Stuttgart. Manyunyu. Pengo bado ni pengo! Kwa miaka sita nimeijenga sinthesaiza yangu, ala ya muziki ya umeme, kipande kwa kipande, kila kipande baada ya tafakuri ya kutosha. Sasa sandukuni mwake imesalia nafasi moja tu, upana wa vidole vitatu. Nafasi hiyo imetengwa rasmi kwa kichujio cha sauti kiitwacho Bundi, kazi ya mikono ya Bi. Friederun Knapp, mwenye karakana nyuma ya duka la mikate.

Leo nimepokea barua yake. Asipopata maagizo kumi na mawili kufikia Ijumaa, Bundi hatengenezwi, karakana inafungwa, naye anakwenda kuajiriwa katika kiwanda cha mashine za kufulia. Anayo manane, langu likiwamo. Kila mtu anauziwa kimoja tu.

Mashine za kufulia! Mikono ile! Haikubaliki.

Jumanne, 4 Machi
Ikiwa watu wanne hawapo, hapana budi wawepo. Nimeandika barua nne kwa kalamu nne: ya Dk. Wendelin Öttle, ya Bi. Notburga Fink, ya Bw. Ansgar Mauch, na ya mjane Kreszentia Haug, ambaye nimempa kikohozi ili aaminike. Zote zinaanza ipasavyo: "Kwa heshima na taadhima isiyo na mipaka." Akiba ya safari ya Italia imekwisha kwa kuvilipia vyote vinne. Na iwe. Italia hailii kama bundi.

Tarishi wa posta haachi kifurushi kwa jina asilolikuta kwenye sanduku la barua. Nimebandika majina yote manne chini ya langu. Mwandiko wa kupendeza.

Ijumaa, 7 Machi
Kumi na mawili! Bi. Knapp amepiga simu, kicheko kimembana. "Yaani Bwana Rapp, hawa watu wametoka wapi?" Nikamjibu kwamba wapenzi wa sanaa ni wengi kuliko tudhaniavyo. Nimejipongeza kwa keki.

Jumamosi, 8 Machi
Balaa. Bi. Irmtraud Sailer, jirani wa chini na msimamizi wa zamu za kufagia ngazi, ameyasoma majina. Amenizuia kwa ufagio. "Kumbe umejaza watu humo, Bwana Rapp! Watano, vyumba viwili! Wanalala wima?"

Nikaeleza kwamba ni wapangaji wa muda, watulivu mno. Akasema utulivu wao ameusikia, ila miguu yao inachafua ngazi kama ya wengine. Basi kila jina na wiki yake. Kibao cha zamu kitaning'inia mlangoni kwangu hadi katikati ya Aprili!

Nimemwandikia malalamiko ya kurasa tatu. Amezitumia kufungia maganda ya viazi.

Alhamisi, 20 Machi
Wiki ya Dk. Öttle. Nimefagia kwa niaba yake. Bi. Sailer akapitisha kidole juu ya reli ya ngazi, akakitazama, akasema huyo daktari anafagia kama mtu aliyenunua shahada. Nimeumia kwa niaba yake pia.

Nilipokuwa uani nikimwaga taka, tarishi akafika na, kama ilivyo desturi, akamwachia jirani vifurushi vyote vitano. Changu nimepewa. Bundi yumo sandukuni mwa sinthesaiza, analia vizuri ajabu! Vinne vimefungiwa kabatini kwa Bi. Sailer. Wenyewe waje na vitambulisho. Wasipokuja kwa siku saba, vitarudishwa kwa Bi. Knapp. Atajua! Atavunjika moyo! Mashine za kufulia!

Jumamosi, 22 Machi
Nimeshuka nikiwa mjane Haug. Mtandio, kikohozi, sauti nyembamba. Bi. Sailer akachungulia kwenye upenyo wa mlango. "Pole, mama. Na hizo ndevu zimekuanza lini?"

Nimerejea juu kwa heshima zote.

Alhamisi, 27 Machi
Siku ya saba. Bi. Sailer amepiga simu karakana, na Bi. Knapp amekuja mwenyewe. Nimeitwa chini. Mezani: barua zangu nne, na agizo langu halisi pembeni.

"Bwana Rapp," akasema Bi. Knapp, "Stuttgart nzima ni wewe tu unayeandika 'taadhima isiyo na mipaka'."

Alijua tangu siku ya kwanza! Alinyamaza ili orodha ijae, kwani watu waliokuwa wakisitasita husogea wakisikia orodha imejaa. Ndivyo ilivyokuwa: watatu wamejitokeza. Karakana haifungwi. Pesa zangu za Italia zitarudishwa. Na kichujio cha nne? Amekinunua Bi. Sailer. Amesema wiki nzima bundi wangu anamlilia darini, naye anataka kumjibu.

Nikaomba, kwa kuwa wapangaji wamethibitika kuwa hawapo, wafutwe kwenye zamu. Akasema ngazi haijali nani yupo.

Jumapili, 30 Machi
Bundi wa chini alilia tangu kifungua kinywa hadi kengele za kanisa. Sakafu ilitetema. Bi. Sailer ameshanunua sanduku la sinthesaiza, tena kubwa kuliko langu!

Bi. Knapp ametangaza kipande kipya, mashine ya mwangwi iitwayo Popo. Yanahitajika maagizo ishirini. Anayo kumi na moja, pamoja na langu na la Bi. Sailer.

Nimelitafakari kosa langu kwa utulivu. Liko wazi: majina yalibandikwa kwenye sanduku la barua lisilo sahihi. Majina tisa mapya yako tayari, gundi imekauka vizuri kwenye sanduku la barua la Bi. Sailer, naye yuko kanisani hadi saa tano.

Barua ya kwanza nimekwisha kuianza. "Kwa heshima na taadhima isiyo na mipaka..."