Nafasi Moja Kando ya Ukuta wa Mashariki

Jumatano, 8 Julai

Nimelificha jambo hili miaka thelathini na moja. Sasa daktari ameniambia nisijisumbue kununua koti jipya la baridi, kwa hiyo naliandika. Sina haki ya kaburi la ukuta wa mashariki. Mke wangu Nuala amelala humo. Imebaki nafasi moja, na ninaitaka. Kaburi si letu.

Makaburi ya abasia, monasteri ya kale, yalifungwa zamani. Huzikwi humo ila uwe wa ukoo uliobatizwa katika parokia hii ya Kiltorca tangu enzi za mababu, na wafu wako wawe humo tayari. Nuala alipofariki, nilimwambia padri wa wakati ule kwamba bibi yake baba yangu aliitwa Honora Coyne. Jiwe la ukuta wa mashariki limeandikwa COYNE. Yote mawili ni kweli. Padri aliyaunganisha mwenyewe. Sikumzuia, nilikuwa nimefiwa.

Kwa nini Honora wangu si Honora wa jiwe lile, nitaandika siku nyingine. Kuna aibu za kuanza nazo na aibu za kumalizia.

Leo Padri Gilhooly ametangaza kwamba makaburi yatachorewa ramani. Kila ukoo ulete ushahidi kutoka vitabu vya ubatizo kabla ya Jumapili ya Makaburi, tarehe 19. Amechoshwa na Wamarekani, wajukuu wa waliohama hapa, wanaokuja na majivu ya shangazi zao ndani ya makopo ya biskuti, kila mmoja akidai ukuta. Nilimuunga mkono kwa sauti. Mwenye hatia hukaa kiti cha mbele.

Alhamisi, 9 Julai

Mpango. Vitabu vya zamani ni vya Kilatini, kwa mwandiko wa mapadri walioandika kana kwamba wako juu ya farasi. Nilifundisha Kilatini maisha yangu yote. Attracta, binti wa marehemu dada yangu, anayenitunza na kunipimia vidonge, alinipeleka kwa padri. Nikajitolea kuisomea kamati aliyoiunda kukagua ushahidi. Padri alinishika mikono yote miwili. Nani atamshuku mtu aliyekabidhiwa ufunguo?

Njiani Attracta akauliza, mjomba mbona unacheka peke yako. Nikasema nimekumbuka kitenzi fulani.

Jioni, pigo. Kamati ina watu wengine wawili. Wa kwanza ni Peadar Gaffney, jirani yetu wa kaburi, aliyeweka juu ya mama yake taa za jua zinazowaka na kuzimika, rangi ya buluu. Nuala hakupenda taa zinazokonyeza. Wa pili ni Dympna Scahill, mkunga mstaafu, ambaye uzeeni anawatafutia Wamarekani mababu kwa kompyuta. Hajui Kilatini. Ila majina na miaka anaviona, na ana pua.

Jumamosi, 11 Julai

Kikao cha kwanza, jikoni kwa padri. Nikampata: Honora, binti wa Bartholomew Coyne na Sabina mkewe, amebatizwa hapa Kiltorca mwaka 1829. Umri wake ni uleule wa Honora wangu. Nikasoma kwa sauti ya madhabahuni. Peadar akasema Mungu akubariki, Mwalimu. Nikageuza ukurasa. Nikageuza miwili, kwa usalama.

Dympna akalamba kidole, akarudisha mmoja.

"Kurasa zimegandana, Mwalimu," akasema. "Ni unyevu."

Pale palikuwa na Honora mwingine. Mwaka 1831. Baba yuleyule, mama yuleyule.

Kwetu hata mtoto anajua maana yake. Bibi alikuwa Honora, basi lazima Honora awepo nyumbani. Akifa wa kwanza, anayefuata hurithi jina kabla kitanda hakijapoa. Yule niliyemsoma kwa madaha alikufa hajaota meno. Hakuwa bibi wa mtu yeyote. Wa pili ndiye aliyekua, akaolewa na mtu aitwaye Scahill, wa ukoo wa Dympna, wenye kaburi.

Peadar hakuelewa, alikuwa akitafuta siagi. Padri alikuwa ameinamia redio akisikiliza mechi, vijana wetu na Drumlosky. Drumlosky wameshinda. Watu wa ng'ambo ya mto wale: waliiba kengele yetu enzi za babu zetu, na mpaka leo wanaipiga kana kwamba ni yao. Padri alizima redio kwa uso wa msiba. Nami nikatikisa kichwa kuliko wote.

Dympna alifunga kitabu taratibu, akamuuliza Attracta, aliyekuja kunichukua, anavyopika mkate wake wa magadi. Simwogopi mwanamke anayepiga kelele. Namwogopa anayejua, kisha akauliza habari za mkate.

Jumanne, 14 Julai

Mpango wa pili. Nauona hauna kasoro. Haki ya kaburi hupatikana pia kwa ndoa. Dympna hajaolewa. Nina miaka themanini na minane, yeye ni kijana wa themanini na minne. Nikavaa tai yangu ya harusi. Attracta akaniuliza nani amekufa.

Dympna alinikaribisha chai. Nikaeleza hoja yangu kwa mpangilio: upweke, maoni yetu yanayofanana kuhusu padri, gharama ya kupasha moto nyumba moja badala ya mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nimezalisha nusu ya parokia hii. Mwanaume anayetaka mke namjua, na anayetaka shamba namjua. Wewe unataka futi sita."

Nikasema na mapenzi pia yapo kidogo.

"Kunywa chai yako," akasema, akaniongezea kikombe cha pili, jambo ambalo sikulitegemea. Nilirudi nyumbani bila mchumba. Tai ina doa.

Ijumaa, 17 Julai

Sikuweza kuamka. Attracta alinilisha uji wa shayiri na kunipa ushauri. Mjomba, kwa nini usizikwe makaburi mapya? Tambarare, safi, na kuna maegesho ya magari. Nikamwambia katika maisha yangu sijawahi kutamani maegesho. Akasema basi kaa na ukaidi wako, akanifunika miguu.

Sikumweleza sababu. Nuala alilala upande wa ukutani siku zote, nami upande wa mlango. Alisema hawezi kupata usingizi kama hakuna mtu upande wa mlango. Kaburini amewekwa ukutani. Upande wa pili hakuna mtu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenifikisha mbali. Imebaki hatua ya mwisho tu, na miguu haitaki.

Jumapili, 19 Julai

Jumapili ya Makaburi. Desturi yetu haijaandikwa popote lakini ina nguvu kuliko karatasi: padri anapopita na maji ya baraka, kila ukoo husimama kwenye kaburi lake, na anayekaa kichwani mwa jiwe ndiye mwenyewe. Miaka yote nimekaa kichwani. Mpango wa leo ulikuwa rahisi: kufika kwanza. Attracta alinisukuma kwenye kiti cha magurudumu nyasi zikiwa bado na umande, akilalamika mpaka langoni.

Dympna alikuwa ameshafika. Kiti cha kukunja, chupa ya chai, blanketi magotini. Kichwani mwa jiwe.

"Umechelewa, mchumba," akasema.

Watu wakajaa. Taa za Peadar zikakonyeza. Padri akafika na ramani na penseli, akauliza aandike nani hapa. Nikafungua mdomo.

"Andika Scahill," Dympna akasema. "Na nafasi iliyobaki ni ya Mwalimu. Huyu ni wetu."

Padri akaandika. Akanyunyiza maji, mengi yakaniingia jichoni, jambo lililonisaidia.

Nilimnong'oneza, umejua tangu lini. Akasema tangu siku ya mazishi. "Nuala alikuwa rafiki yangu. Ningemfukuza aende wapi?" Nikauliza, na wewe je? Akasema dada zake wako makaburi mapya, bila shaka wanacheza karata, na wamemshikia kiti.

Kisha akanisogelea sikioni. "Na kule alikobatizwa Honora wako nakujua vilevile. Hilo sitalisema. Marehemu Nuala ana heshima zake."

Jumatatu, 20 Julai

Nimelala vizuri. Nimetafakari juu ya huruma karibu mpaka wakati wa chai ya asubuhi.

Baadaye nikaendelea na kazi ya kamati, kwa kuwa kazi ni kazi. Katika kitabu cha ndoa nimegundua kwamba babu wa babu yake Peadar Gaffney hakuwa mtu wa hapa. Ameandikwa waziwazi: bwana harusi, wa parokia ya Drumlosky. Nimemwandikia padri pingamizi la kurasa mbili, lenye nukuu moja ya Kilatini. Nimesema simchukii mtu. Lakini sheria ni sheria. Tukimwachia Gaffney mmoja leo, kesho ng'ambo yote ya mto itakuja kulala kwetu, na taa zao. Attracta ameipeleka barua. Padri amejibu kwamba ataliangalia.

Nimemwagiza Attracta aiweke shajara hii ndani ya jeneza, chini ya miguu yangu, bila kuisoma. Ameapa, akiwa tayari anachungulia.

Niliahidi siku ya kwanza kwamba nitaandika kwa nini Honora wangu si Honora wa jiwe lile. Vitabu vya ubatizo vya ng'ambo ya mto nilivisoma nikiwa kijana, askofu aliponituma kwa ajili ya Kilatini changu, na nikavirudisha kabatini kwa mikono yangu. Honora Coyne, bibi yake baba yangu, na baba yake, na babu yake, na kila aliyenitangulia mpaka pale wino unapoishia, ni watu wa Drumlosky.