Ombi la Kulinda Nywele Zangu za Kwapani

Likasi, Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 1974

Kwa Citoyen Mkuu wa Kambi la Wafanyakazi

Citoyen Mkuu,

Pokea salamu za heshima kutoka nyumba namba 41, mstari wa tano. Mimi ni Fidèle wa tanuru la shaba, zamu ya mchana, miaka ishirini na miwili ya kazi bila kuchelewa, isipokuwa siku mbili walipozaliwa watoto. Kwenye karatasi mpya naitwa Citoyen Kazadi Mpoyi, na jina hilo nalipenda. Lakini shida ninayokuletea ni ya nyumbani, na nyumbani bado wananiita Fidèle. Naomba usinihesabie kosa.

Nakuandikia juu ya nywele zangu za kwapani. Usicheke kwanza. Katika mstari wetu tulikuwa wanaume kumi na mmoja wenye nywele hizo. Leo nimebaki peke yangu. Kumi wamenyolewa na wake zao ndani ya wiki tatu, na mimi nimekwisha kuonywa. Nimeyapanga malalamiko kwa namba, ili ukiitwa katikati ya kusoma ujue pa kurudia.

1. Mwanzo wa yote ni foyer, pale kina mama wa kambi wanapofundishwa kushona na kupika. Sina ugomvi na kushona. Lakini Jumatano tarehe 25 Septemba mwalimu wao, Mama Georgette, alitundika ukutani picha ya mwanaume aliyeinua mikono. Akafundisha saa nzima kwamba kikwapa cha waume zao hakiletwi na jasho peke yake, kinaletwa na nywele zinazolishika jasho na kulitunza. Akampa kila mama wembe mmoja na ndimu moja. Mke wangu Philomène alirudi navyo amevifunga ndani ya kitambaa chake cha kushonea, akaviweka mezani mbele ya sahani yangu. Mimi nilidhani ndimu ni ya samaki. Nikamwuliza samaki yuko wapi. Akanitazama kwapani.

2. Placide wa namba 42 ndiye mwanaume mwenye nguvu kuliko wote kwenye tanuru letu. Tulikubaliana tushikane, mimi na yeye, na aliniapia kwamba wembe hautamgusa. Kesho yake mkewe, Berthe, akakataa kupiga pasi shati lake. Siku ya tatu alikitoa kiti cha Placide nje, akakiweka chini ya dirisha, na chakula akampitishia dirishani. Siku ya nne nilimwona Placide akipita mbele ya mlango wangu, mikono imeachana na mbavu kama bata anayekausha mabawa, ananukia poda ya watoto. Hakunisalimia. Baada yake wengine walianguka kila siku mmoja, Jumapili wawili.

3. Sasa nazungumzia usalama kazini. Moshi wa tanuru unaujua. Tukiwa ndani yake hatuonani. Tunajuana kwa sauti na, nisikufiche, kwa harufu. Miaka kumi nimejua kwamba Placide yuko kushoto kwangu bila kugeuza kichwa. Jumanne iliyopita harufu yake haikuwepo. Nikasikia poda. Nikasema kwa heshima yote: “Bonjour, Mama infirmière, ni nani ameumia?” Watu walicheka mpaka msimamizi akaja mbio, akidhani kuna aliyeungua. Kicheko kikiisha nilimwona Placide amekaa juu ya ndoo peke yake. Nilisikitika. Mtu wa kilo tisini hapaswi kufananishwa na mama muuguzi.

4. Kila Jumamosi tunafanya animation, nyimbo na michezo ya chama, kwenye uwanja wa kambi. Mimi niko mstari wa mbele, na Philomène amecheza kando yangu tangu kikundi kilipoanza. Tumeoana miaka ishirini na mmoja na hakuna mahali tunapopatana kama pale. Jumamosi tarehe 5 alihama. Alikwenda kusimama mwisho kabisa, nyuma ya ngoma. Kiongozi wetu, Augustin, akamwuliza kwa sauti kubwa kuna nini. Philomène akajibu, watu sitini wakisikia: “Mikono ya bwana yangu ikipanda, miye minaanguka.”

Augustin alipata suluhisho lake. Ameniamuru niinue mikono mpaka mabegani tu. Kwa hiyo wenzangu wakiinyoosha juu kusifu taifa, mimi naibana kama mtu anayepima kitambaa dukani. Na mgeni wa chama akija kutoka Lubumbashi akauliza kwa nini shangwe ya Citoyen Kazadi inaishia mabegani, nitamjibu nini? Nimweleze habari za ndimu? Kuna watu wameulizwa maswali kwa mambo madogo kuliko hayo.

5. Hapa ndipo jambo linapotoka nyumbani kwangu na kuwa la taifa. Tumefundishwa turudi kwenye authenticité, turudie asili yetu. Tulipoambiwa tai ni kamba ya mkoloni, niliivua siku hiyo hiyo, ingawa ilikuwa moja tu na nilikuwa nimeiazima. Tulipoambiwa tuache majina ya kigeni, niliacha, isipokuwa nyumbani kama nilivyokwisha kueleza. Sasa nauliza kwa unyenyekevu: kuna kitu gani cha asili kuliko nywele za kwapani? Hakuna Mbelgiji aliyezileta. Babu yangu aliajiriwa Kasai, akapanda treni kuja huku na nguo moja na makwapa yake mawili, na yote matatu alikufa nayo. Wembe ndio uliokuja kwa meli. Mtu akitazama vizuri, ataona kwamba foyer inanyoa mababu zetu, tena kwa maji ya uvuguvugu.

6. Namba hii sikutaka kuiandika, ila mtu anayemlalamikia mkubwa wake hapaswi kuficha nusu ya habari.

Jana, baada ya misa, nilimsomea Philomène namba ya tano. Nilisimama wima nikasoma. Yeye alikuwa kwenye ngazi ya jikoni akichambua mboga ya lengalenga, na Colette, binti yetu mkubwa, alikuwa akisuka nywele mlangoni. Philomène alisikiliza mpaka mwisho, hakucheka hata pale pa mababu. Kisha akasema, nami nayaandika maneno yake jinsi alivyoyatoa, na kiwanda yeye hukiita usine:

“Baba Colette, haiko weye njo minakatala. Usine iko na weye kila siku, tunakula juu yake, minajua. Lakini ukirudia, inaingia pamoya na weye. Inaikala na shiye ku meza, inalala katikati yetu. Baba yangu alikufa, tulifula manguo yake mara tatu, harufu ya tanuru haikutoka. Mama alikatala kuzigawa. Miye minataka bwana yangu arudie yeye peke yake. Usine ibakie inje, ku mulango.”

Colette aliacha kusuka. Mimi nilibaki na karatasi mkononi. Baba mkwe wangu nilimfahamu; ndiye aliyenifundisha kushika koleo. Nilitaka kusema kwamba mimi sijafa, lakini nikaona si jibu. Nilitaka kurudia ile hoja ya wembe na meli, nikaona nayo haitoshi. Tangu saa sita mpaka saa kumi nilitafuta jibu, na nilichosema mwishowe ni kwamba lengalenga isitiwe chumvi nyingi. Akasema sawa.

Ndiyo maana leo nakuandikia, Citoyen Mkuu. Ombi langu kubwa ni kwamba umjibu wewe. Umwandikie barua yenye muhuri, umweleze kwa nini mume wake yuko sahihi, maana mimi sababu nilikuwa nazo jana kabla ya misa na sasa zimenipotea. Barua iwe fupi, na iwe ya adabu, kwa sababu ni mwanamke mzuri.

Pamoja na hilo naomba picha ya mwanaume aliyeinua mikono iondolewe foyer. Au kama haiwezekani, kando yake itundikwe picha ya mwanaume mwingine, aliyeshusha mikono, mwenye uso wa furaha. Mama Georgette aongezewe masomo ya kudarizi mito ya kitanda, ili akose nafasi. Placide na wenzake tisa wapewe karatasi inayosema walinyolewa bila kuulizwa, wasije wakalaumiwa na watoto wao.

Na kwa kuwa nyumba ninayolala ni ya kambi, na kitanda ni cha kambi, na hata taa iliyo juu ya kitanda ina namba ya kambi, naomba nywele zangu nazo ziandikwe kwenye daftari la vitu vya nyumba namba 41, chini ya kitanda na juu ya ndoo. Hapo hakuna atakayeweza kuzigusa bila ruhusa yako kwa maandishi. Fundi akipita kukagua vitasa na mabomba, anikague na mimi. Niko tayari kuinua mikono kwa ajili hiyo, hata zaidi ya mabega.

Nisalimie Mama wa nyumbani kwako na watoto wote. Nisalimie karani wa ofisi yako, ambaye najua ndiye anayesoma barua hizi kwanza. Asiisome kwa sauti. Salamu kwa Augustin, ambaye alifanya alichoweza, na kwa Berthe na Placide, ambaye leo asubuhi alinisalimia. Salamu hata kwa Mama Georgette, kwa sababu ugomvi wangu ni wa kanuni, si wa mtu.

Nakuaga nikiwa nimenyooka mbele yako, mikono imeshikana na mbavu,

Fidèle
(Citoyen Kazadi Mpoyi)
Tanuru la shaba, nyumba namba 41

P.S. Kabla ya kufunga bahasha nilimpa Philomène aisome, kwa sababu siku zote yeye ndiye anayenisahihishia. Alifuta makosa manne, akaongeza koma moja. Alipofika namba ya sita alisoma polepole.  Kisha alivuta benchi, akaja kukaa karibu nami, upande wa kushoto, bega kwa bega, jambo ambalo hakulifanya tangu tarehe 25 Septemba. Citoyen Mkuu, na maneno mtu anaweza kubishana, na bega hawezi. Kwa hiyo nakuomba uisome barua hii kama inahusu kwapa la kulia tu. La kushoto limekwisha. Sikuumia, mkono wake ni mwepesi, na upepo unaingia vizuri kuliko nilivyodhani. Hili la kulia, kama ofisi yako ina nia ya kuliokoa, fanyeni haraka: amekwenda kubadilisha maji, nami nimekwisha kuinua mkono.