Kichupa cha Hewa ya Kidole

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Daktari ameamua. Kidonda cha kidole gumba cha mguu hakiponi, sukari imeshaharibu njia za damu. Nikae kwenye chumba cha hewa mara thelathini, kisha ataamua: kibaki au kikatwe. Kidole changu! Kwanza wakanipiga picha ya moyo. Nimeuona ukidunda kwenye kioo cha mashine. Kazi yote hiyo tangu nizaliwe, wala sikuwahi kuushukuru. Kila pigo unasukuma nje asilimia hamsini na mbili ya damu yake. Nikafurahi. Kisha jirani yangu Taib, mwenye kidonda cha kisigino, akasema wake ni hamsini na nane. Ameshautangazia mtaa mzima wa Ndia Kuu.

Jumanne, 4 Novemba
Chumba chenyewe ni pipa la chuma lenye viti sita, Taib kaketi kando yangu. Tunavalishwa barakoa, mlango ukifungwa hewa inakazwa, masikio yanaziba. Muuguzi Nanjala anasema hewa ya dawa hupita mapafuni, kisha moyo ndio unaoisukuma mpaka kidoleni. Safari ndefu! Kwa nini isiletwe moja kwa moja? Nimepata wazo. Taib hataambiwa.

Jumatano, 5 Novemba
Nilichukua kichupa kitupu cha marashi cha mke wangu Maisara. Nikakisuuza mara tatu, nikakificha ndani ya bendeji. Hewa ilipokazwa nikakifungua, kikajaa, nikakiziba barabara. Nyumbani ningekimimina juu ya kidonda, nimwache Taib nyuma.

Hewa ilipoanza kulegezwa, kizibo kikafyatuka. Pwaa! Bendeji ikaruka. Mimi sikuhisi chochote, mguu huu umekufa ganzi tangu mwaka jana. Ila pipa zima lilinukia harusi. Taib akauliza kwa sauti ni nani anayeolewa.

Alhamisi, 6 Novemba
Nanjala ameniita pembeni. Mzee Fuad, akasema, si tuliwakataza marashi? Cheche moja tu, tungeungua sote. Tena kizibo kimechubua kidonda, kimerudi nyuma wiki mbili. Kioja kingine kama hiki na kidole kinakwenda. Niliogopa kweli, moyo ukaenda mbio, nadhani ulipita asilimia sitini, zaidi ya wa Taib. Nikaapa sitarudia. Akamalizia kwamba nilihangaika bure: hewa ya chumbani ni ya kawaida, ya dawa hupita kwenye barakoa.

Ijumaa, 7 Novemba
Msikitini nimemwomba Mungu aniachie kidole. Nimetubu kabisa.
Kumbe iko kwenye barakoa! Si wangesema mapema? Maisara ana kichupa kingine, hiki kifuniko chake ni cha kuzungusha.